Kilio cha Mke wa Mbwa Mwitu

Leo ni Dominika ya 4 ya Pasaka, ambayo tumezoea kuiita Dominika ya Mchungaji Mwema. Injili ya leo (Yn 10:11-18) ina wahusika wanne: mchungaji, kondoo, mtu wa mshahara na mbwa mwitu. Sisi wahubiri tukifika kwenye somo hili mara nyingi tunamrukia huyo wa nne. Mbwa mwitu ni rahisi kumhubiri. Ana meno, hana rafiki, na hakuna muumini anayeketi kwenye benchi akadhani kwamba anasemwa yeye.

Biblia zetu za Kiswahili zinamwita mbwa mwitu, lakini tusimchanganye na yule mwenye madoadoa wa mbuga zetu. Anayesemwa ni mnyama mkubwa wa jamii ya mbwa, adui wa wafugaji wa kondoo tangu enzi za manabii. Wazungu wa Zama za Kati walimfahamu vizuri, maana aliishi katika misitu iliyozunguka vijiji vyao. Walimwogopa, na kama ilivyo desturi ya binadamu, walichokiogopa wakakitungia hadithi za kuchekesha.

Nilipokuwa seminarini nikisoma Kilatini, nilikutana na mmoja wa mbwa mwitu hao katika vitabu. Jina lake Isengrim. Nilimpenda mara moja kwa sababu nilikuwa namjua tangu utotoni. Alikuwa fisi wetu, yule wa hadithi za bibi: mwenye nguvu, mlafi, mzito wa akili, anayedanganywa na sungura kila jioni na kesho yake akadanganywa tena. Kwa Wazungu, nafasi ya sungura imeshikwa na mbweha, aitwaye Reinardus au Renart. Wawili hawa ni mahasimu. Visa vyao ni vingi, lakini mwisho wake haubadiliki sana: mbweha anaondoka akicheka, na mbwa mwitu anaondoka na majeraha.

Utenzi mkuu wa Kilatini juu yake unaitwa Ysengrimus. Ulitungwa katikati ya karne ya 12 katika nchi ya Flanders, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ubelgiji, na una mistari zaidi ya 6,500. Mtunzi wake anatajwa kwa jina la Nivardus. Katika kisa kimoja, mbweha anamchezea mkulima aliyebeba paja la nguruwe. Anajifanya kiwete, mkulima anatua mzigo ili amkimbize, na mbwa mwitu anauchukua. Walikuwa wamekubaliana kugawana. Mbweha anaporudi anakuta nyama yote imeliwa, na sehemu aliyobakiziwa ni kamba iliyofungia lile paja.

Mbweha analipiza. Anamfundisha mbwa mwitu kuvua samaki kwa kuzamisha mkia katika bwawa usiku wa baridi kali, na kumwonya asiuvute upesi, asubiri hadi uwe mzito. Maji yanaganda kuwa barafu na mkia unanasa. Asubuhi mbweha anakwenda kijijini kuiba jogoo wa padri. Padri yuko altareni anaadhimisha Misa. Anapoona jogoo wake anachukuliwa, anaiacha Misa katikati na kumkimbiza mwizi, na waumini wote wanatoka mbio nyuma yake. Mbweha anawaongoza moja kwa moja hadi bwawani. Wanamkuta mbwa mwitu amekwama, wanampiga, na mkia wake unakatwa kwa shoka.

Hebu simama kidogo hapo kwenye Misa iliyoachwa. Sisi mapadri tukisoma kisa hiki tunacheka, kisha tunanyamaza. Ni nani aliyethubutu kumtania padri namna hiyo, karne ya 12? Ni watu wa Kanisa wenyewe. Wakati ule walioandika Kilatini walikuwa hasa makleri na wamonaki, na hadithi hizi zilizaliwa mikononi mwao. Mbwa mwitu wao hakuwa mpagani wala mgeni. Katika Ysengrimus yeye mwenyewe anaingia monasteri ya Blandinium huko Ghent na kuvaa kanzu ya kimonaki, kwa sababu amesikia kwamba huko kuna chakula kizuri. Anaishia kwenye ghala la divai, anafungulia mapipa, na ndugu zake watawa wanamtoa kwa kipigo.

Kuna pia Odo wa Cheriton, padri Mwingereza wa karne ya 13, ambaye aliwakusanyia wahubiri visa vya kutumia mimbarini. Anasimulia kwamba Isengrim alipotaka kuwa mmonaki walijaribu kumfundisha sala ya Baba Yetu. Kila walipomtamkia maneno ya sala, yeye alijibu, "Mwanakondoo." Walipomwambia autazame msalaba, macho yake yalikwenda kwa kondoo dume. Naye Marie de France, mwanamke aliyeandika visa kwa Kifaransa mwishoni mwa karne ya 12, anasimulia juu ya mbwa mwitu aliyeweka nadhiri ya kutokula nyama siku zote za Kwaresima. Akakutana na kondoo mnono. Akawaza kidogo, akaamua kumwita samaki, akamla.

Nani kati yetu hajawahi kumwita kondoo samaki? Ninazungumza na wanaofunga Kwaresima, nami nikiwa miongoni mwao. Hiyo ndiyo hekima ya kwanza ya hadithi hizi. Waliozitunga waliketi katika kwaya za kimonaki na nyumba za mapadri, wakamvika yule mnyama mavazi yao wenyewe. Kristo alipoonya juu ya wanaokuja wamevaa ngozi ya kondoo (Mt 7:15), wao walielewa kwamba ngozi hiyo inashonwa ndani ya zizi.

Hekima ya pili imefichika zaidi, na mimi ilinichukua miaka mingi kuiona. Inahusu yule mbweha tunayempigia makofi.

Kisa kilichopendwa kuliko vingi ni kile cha simba mgonjwa. Kina asili ya kale sana, tangu visa vya Esopo wa Ugiriki, na wamonaki walikisimulia tena na tena. Mfalme simba anaumwa. Wanyama wote wanafika kumjulia hali, isipokuwa mbweha. Mbwa mwitu anaona nafasi imefunguka, anasogea karibu na kitanda na kumsengenya hasimu wake: tazama, ee mfalme, asivyokujali. Mbweha anapata habari. Anakuja na viatu vilivyochakaa, anadai amesafiri hadi Salerno, mji wa Italia uliosifika kwa waganga wake, kutafuta dawa. Dawa ameipata: mfalme afunikwe ngozi ya mbwa mwitu. Basi mbwa mwitu anachunwa ngozi akiwa hai, mbele ya baraza zima. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Watu walicheka. Lakini angalia chumba chenyewe. Kuna mgonjwa kitandani, na hakuna kati ya hao wawili aliyekuja kwa ajili yake. Kila mmoja amekiona kitanda cha mgonjwa kuwa mahali pazuri pa kummaliza mwenzake. Wapendwa, tumewahi kukaa katika vyumba kama hivyo. Baba mzee amelazwa, na watoto wake wanapokezana kumnong'oneza juu ya shamba. Paroko mpya amewasili, na kabla hajafungua sanduku lake ameshapokea wageni watatu wanaokuja kumweleza, kwa mapenzi mema kabisa, fulani ni mtu wa namna gani.

Na mbweha hasimamii hapo. Katika visa vya Kifaransa viitwavyo Roman de Renart, vilivyotungwa na watu mbalimbali kati ya miaka ya 1170 na 1250 hivi, mbwa mwitu ana mke aitwaye Hersent. Mbweha anamdhalilisha. Watunzi wenyewe wanalicheza jambo hilo: mahali pengine wanamwonyesha Hersent kama aliyekubali, mahali pengine wanasema wazi kwamba alikwama mlangoni mwa pango na mbweha akamtenda jeuri. Isengrin, ndivyo Wafaransa wanavyomwita, anapeleka mashtaka kwa mfalme simba. Mfalme analichukulia kijuujuu. Kwake hiyo ni aibu ndogo ya nyumbani, haistahili makelele. Baraza halina haraka. Ni pale tu kuku wanapoingia na maiti ya mwenzao juu ya jeneza, aliyeuawa na huyo huyo mbweha, ndipo mfalme anapowaka hasira.

Kwa nini kilio cha kuku kilisikika, na kile cha nyumba ya mbwa mwitu hakikusikika? Kwa sababu kuku ni wanyonge wanaopendwa, na mbwa mwitu ni mbwa mwitu. Ana historia. Amekula wengi. Akilia, tunasema amepata alichotafuta, na mkewe tunamhesabia katika malipo hayohayo. Wahenga wetu walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ukishamtangaza jirani yako kuwa nguruwe, au fisi, au mbwa mwitu, mkuki unakuwa mtamu kweli, na hauchagui ni nani wa nyumba yake anayechomwa.

Naomba sasa niseme jambo langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa paroko kwa mara ya kwanza, nilikuwa na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ambaye hatukuelewana. Alikuwa mtu mzima, mstaafu, mkali wa maneno. Kila kikao aliuliza juu ya hesabu za mabati. Aliuliza mbele za watu, kwa sauti, na mimi nilikuwa kijana bado na nilijiona nimevuliwa heshima. Walikuwapo waliokuja ofisini kwangu jioni kunipa pole na kunieleza mabaya yake ya zamani. Niliwasikiliza. Nilianza kumwita jina fulani moyoni mwangu, na jina hilo ni mbwa mwitu.

Ikafika Dominika kama ya leo, na Injili ni hii. Nilihubiri kwa moto. Sikumtaja mtu. Sikuhitaji, maana nilipotamka "wapo mbwa mwitu hata katika kamati zetu," nyuso zote ziligeukia benchi la tatu upande wa kulia. Wengine walicheka. Nilirudi sakristia nikiwa nimeridhika kwamba nimelilinda kundi.

Uchaguzi wa viongozi ulipofika, mzee yule aliondolewa. Mkewe alikuwa akiuza vitumbua nje ya lango la kanisa baada ya Misa ya kwanza. Watu wakaanza kuipita meza yake. Siku moja vijana waliipindua, ikavunjika mguu, vitumbua vikamwagika mchangani. Mama yule alikuja ofisini kwangu. Nilimkaribisha kiti, na kabla hajamaliza kueleza nikamwambia, "Mama, hayo ni mambo madogo, tuyaache yapite." Nilidhani amekuja kumsemea mumewe.

Alinitazama, akasema, "Baba Paroko, mimi sikuja kumtetea mume wangu. Nimekuja kusema meza yangu imevunjwa."

Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitalifuatilia, na sikulifuatilia. Miezi kadhaa baadaye hesabu za ujenzi zilipitiwa upya, ikaonekana kwamba mzee alikuwa amekosea katika baadhi ya mambo, na katika mengine alikuwa na haki ya kuuliza. Nilikwenda nyumbani kwao kuomba msamaha. Mama alinipokea na kunipa chai. Mzee aliniamkia kwa adabu, lakini parokiani hakurudi hadi nilipohamishwa. Meza ilikuwa imetengenezwa, na mguu wake mmoja ulikuwa wa mbao ya rangi tofauti.

Tangu siku hiyo naisoma Injili ya leo kwa hofu. Hebu irudie polepole. Utaona kwamba Bwana wetu hazungumzi sana juu ya mbwa mwitu. Anamtaja tu kwamba anakuja, anakamata, anatawanya. Anayekaripiwa ni yule wa mshahara, anayeona hatari akakimbia kwa sababu kondoo si mali yake. Nilihubiri somo hilo nikimtafuta mbwa mwitu katika benchi la tatu, na hadithi yenyewe ilikuwa inanitafuta mimi. Mama aliyevunjiwa meza alikuwa kondoo wa zizi langu. Alipokuja kulia, nilikimbia nikiwa nimeketi kwenye kiti changu.

Naomba nisieleweke vibaya. Mbwa mwitu wa kweli wapo. Mtume Paulo aliwaonya wazee wa Efeso kwamba wataingia kati yao (Mdo 20:29). Yupo anayedhuru watoto, yupo anayekula michango ya wajane, yupo anayefanya jina la Yesu kuwa biashara. Kunyamaza mbele ya watu hao ni kazi ya mtu wa mshahara. Waripotiwe, wachunguzwe, sheria na ichukue mkondo wake. Lakini Kristo ametupa kipimo: watatambuliwa kwa matunda yao. Matunda yanaonekana, yanahesabika, yanaweza kuwekwa mezani mbele ya mashahidi. Jina la utani linalopita kutoka mdomo hadi mdomo siyo tunda, hata likitoka mimbarini.

Na hata pale ambapo matunda ni mabaya kweli, Mkristo hana ruhusa ya kufanya alivyofanya mbweha. Katika Kifaransa cha kale mbweha aliitwa goupil. Visa hivi vilipendwa mno hata jina la mhusika, Renart, likachukua nafasi ya neno la kawaida, na hadi leo Mfaransa akimtaja mbweha anasema renard. Ndivyo mshindi anavyopendwa. Tunasahau wizi wake, uongo wake na yale aliyoyafanya kwa Hersent, kwa sababu tu aliyemshinda tulikuwa tunamchukia. Hiyo ni hatari kubwa ya kuwa na hasimu mbaya: ubaya wake unatupa likizo ya kujichunguza. Isengrim wa Kilatini anakufa ameliwa na kundi la nguruwe, na dunia ya hadithi ile haiwi njema zaidi hata kidogo. Mbweha bado yupo.

Watu wale wale wa Zama za Kati, hata hivyo, walituachia pia simulizi nyingine ya mbwa mwitu. Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyefariki mwaka 1226, aliishi wakati ambapo visa vya Renart vilikuwa vikiendelea kutungwa. Simulizi za maisha yake zilizokusanywa katika karne ya 14 zinaeleza jinsi alivyokwenda katika mji wa Gubbio, ambako mbwa mwitu alikuwa amekula mifugo na watu, hata wananchi wakaogopa kutoka nje ya kuta. Fransisko alitoka kumkabili bila silaha, akamwita ndugu.

Tusikimbilie neno hilo "ndugu" tukasahau yaliyofuata. Fransisko alimsomea makosa yake yote bila kupunguza: wewe ni mwizi, wewe ni muuaji, unastahili adhabu, na mji mzima una haki ya kukulalamikia. Hakuna waliodhuriwa ambao kilio chao kilifunikwa. Kisha akaongeza jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria, kwamba mnyama huyu ameyatenda hayo kwa njaa. Akafanya mapatano mbele ya watu wote. Mji utamlisha, naye hatamdhuru mtu wala mnyama. Mbwa mwitu akaweka mguu wake katika mkono wa Fransisko kama kiapo. Inasimuliwa kwamba aliishi miaka miwili akipita nyumba kwa nyumba, bila mbwa hata mmoja kumbwekea, na alipokufa kwa uzee, watu wa Gubbio walihuzunika.

Tofauti iko wapi? Mbweha alimjua mbwa mwitu kuwa mlafi, akautumia ulafi huo kumwangamiza. Fransisko alimjua kuwa na njaa, akauliza ni nani atamlisha. Ni mnyama yuleyule.

Mpendwa msomaji, wiki hii fanya mambo mawili. Kwanza, jiulize ni nani uliyempa jina la mnyama moyoni mwako: kazini, katika jumuiya ndogo ndogo, katika ukoo, labda ndani ya nyumba yako. Usijidanganye kwamba hakosei. Inawezekana anakosea sana. Lakini chunguza kama makosa yake yamekuwa kitumbuizo chako. Pili, mtafute mtu wa nyumba yake: mkewe, mumewe, mtoto wake anayesoma na wanao. Mjulie hali. Kama ana la kusema, msikilize hadi mwisho, wala usimwambie ni jambo dogo.

Na wewe padri mwenzangu, unayepanda mimbarini leo na Injili hii mkononi, tazama mabenchi yote kwa usawa. Kama macho yako yanavutwa kwenye benchi moja, funga kitabu chako cha homilia na uanze na kuungama.

Ee Yesu Mchungaji Mwema, uliyetoa uhai wako kwa ajili ya kondoo waliokukimbia, utuondolee furaha ya kuona wenzetu wakianguka. Utupe masikio ya kusikia kilio hata kikitoka katika nyumba tusiyoipenda. Amina.

Dominika njema.